Makombo ya Desimali

Wietske anaandika maktaba ya hesabu
ghorofani, juu ya duka la baiskeli, mjini Delfzijl,
ambako mashamba yako chini ya bahari
na pampu hazilali.

Lugha aliyoichagua haijui kufuta.
Ukishaipa namba jina, imeshika jina hilo.
Ukitaka jedwali jingine, zaa jingine,
la kwanza libaki lilivyokuwa, safu kwa safu.
Humo, maji yakimwagika,
mtungi wa jana bado umejaa.
Ndiyo maana niliipenda, aliniambia.
Baba yangu alikuwa mtu wa kubadilika.

Mimi kazi yangu majaribio.
Nazitupia fomula zake namba za ovyo,
sifuri, hasi, zisizo na kikomo,
na ile isiyo namba kabisa,
nione ipi itamrudisha mezani saa nane za usiku.

Zamani tatizo letu lilikuwa uvivu.
Lugha hii haihesabu mpaka idaiwe:
ukiiambia jumlisha, inasema nitajumlisha,
na juu ya nitajumlisha inapanga nitajumlisha,
ahadi juu ya ahadi, milioni moja na ushei,
na ahadi, tunajua, ni deni.
Kumbukumbu ya kompyuta ikafilisika
Jumanne moja, mbele ya mteja.
Hilo tulilitibu kwa alama moja ya mshangao
kabla ya jina: lipa sasa!

Tatizo la pili halikupiga kelele.

Novemba ile mvua ilinyesha siku kumi na moja.
Kipimo cha mtaroni kilituma namba
kila kijiko chake kilipojaa,
na fomula yetu ikazikunja kutoka kushoto,
moja moja, ndani ya jumla moja.
Haba na haba. Ungedhani kibaba kitajaa.
Lakini kibaba tulikibana kiwe cha biti kumi na sita,
tuokoe nafasi,
na kibaba cha namna hiyo kikishakuwa kizito
haba ikidondoka ndani haisikiki:
kubwa kuongeza dogo, sawasawa na kubwa.
Hakuna taa nyekundu iliyowaka.
Aina zote zilikubaliana. Majaribio yangu mia nne
yalipita yote, kijani kitupu.
Pampu ikasubiri jumla ambayo haikufika,
na viazi vya Harm Bolhuis vikaoza ardhini.

Alikuja mwenyewe, buti zina tope.
Hakuja na wakili. Alikuja na daftari:
miaka ishirini na tisa ya mvua, kwa penseli,
kutoka kwenye kopo lililofungwa uzioni.
"Yangu inasema mia moja sabini na moja. Yenu?"
Yetu ilikuwa imekwama kwenye mia moja ishirini na nane,
namba ambayo mashine huipenda.

Wietske alifunua kurasa, akanyamaza.
Bolhuis hakuwahi kuongeza tone kwenye mwaka.
Tone kwa tone, siku kwa siku ya jirani,
chini ya kila ukurasa jumla ndogo,
kisha kurasa mbili mbili zikaoana,
namba za kimo kimoja,
hadi moja ya mwisho, ndani ya jalada.
"Nani alikufundisha?"
"Daftari lina kurasa," alisema. "Ningefanyaje?"

Usiku ule aliandika mistari mitano.
Orodha ikiwa tupu, sifuri.
Ikiwa na kitu kimoja, kitu hicho.
Vinginevyo ikate katikati,
kila nusu ijijumlishe vilevile,
kisha nusu zikutane.

Nami nikaandika jaribio la mia nne na moja,
matone ya siku zile kama yalivyonyesha.
Nililiita bolhuis, kwa herufi ndogo.
Toleo jipya lilitoka Ijumaa. Hakuna aliyelisifu,
na viazi havikurudi.

Linachukua sekunde mbili kulimaliza.
Sekunde hizo mbili, kila mara,
huwa natazama mtaro dirishani.