Nakala Tatu

Mwezi wa saba, kabla tarehe mosi ya nane haijatukuta,
nilipanda ngazi za benki mtaa wa Parade, hapa Erie,
kumtafuta Bibi Pawlak mwenye muhuri wa viapo.
"Inua mkono," akasema. Nikainua
mkono uliofunga vifuniko vya chupa kiwandani usiku kucha,
ukanuka plastiki mbele ya serikali ya Pennsylvania.
Niliapa kwamba mimi ni mama yao,
kwamba nyumbani mwangu hamna mtu mzima aliyehukumiwa,
kwamba wamechanjwa,
kwamba nina cheti cha sekondari.
Hapo sauti ikakwama kidogo:
cheti kina miaka minne tu,
nilikisotea darasa la usiku, Apendeki akisinzia mapajani,
aljebra ikinipiga chenga kama mbuzi asiyetaka kamba.
Muhuri ukashuka, ta!
Dola tano.

Sheria imeandika: siku mia na themanini.
Haikuandika siku ni nini.
Jikoni nimetundika kalenda ya duka la dawa,
kila siku tuliyosoma naipa vema.
Novemba theluji ya ziwani ilitufungia mlango siku tatu;
tukaipima kwa rula, tukaiyeyusha sufuriani,
tukaona mlima mweupe unavyogeuka kikombe cha maji
chenye unywele wa paka.
Sayansi. Vema.
Siku simu ilipotoka Fizi kwamba shangazi hayupo tena,
Wilondja aliandika majina ya ukoo hadi babu wa saba,
akauliza, mbona huyu hana tarehe? Na huyu?
Nilikaa na kalamu muda mrefu.
Historia, nikaandika. Nikafuta.
Nikaandika tena.

Kusoma, hesabu, jiografia,
habari za jimbo hili na makaa yake ya mawe,
muziki, afya,
na mstari mmoja ambao sikuutarajia:
hatari za moto na namna ya kuuzuia,
zifundishwe mara kwa mara, bila kukoma.

Bila kukoma.
Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Jumanne niliwafundisha.
Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja.
Tambaa, moshi unapenda kichwa kilichoinuka.
Tukutane kwenye sanduku la barua la jirani.
Na ukishatoka umetoka, usirudi kufuata kitu.
"Hata viatu?"
Hata viatu.
"Hata..."
Hata hicho.
Sikuwaambia kwamba bibi yao alirudi ndani
kufuata bati la biskuti lenye vyeti vyetu vya ubatizo,
akiamini mtu asiye na karatasi hajazaliwa.
Kwenye faili niliandika: Moto. Dakika arobaini.

Juni akaja mkaguzi, Bi Haldane, mwalimu mstaafu,
akavua viatu mlangoni bila kuombwa.
Alilisoma faili la kijani kama mtu anayechambua mchele,
kidole kikienda, kikirudi.
Insha ya Wilondja juu ya reli. Sehemu na desimali.
Picha ya sufuria ya theluji.
Kwenye moto kidole kikasimama.
Akamwuliza Apendeki, ulijifunza nini hapa?
Mtoto akaeleza yote, kiganja, moshi, sanduku la barua,
kisha akanigeukia mimi, si yeye:
"Na faili letu likiwa ndani, mama?"

Friji ilinguruma, ikanyamaza.
Kalenda ilikuwa na vema mia na themanini na sita.
"Liacheni," nikasema. "Liungue."
Bi Haldane alinitazama, hakuuliza.
Akatia sahihi kwa wino wa buluu.

Kesho yake nilikuwa mlangoni pa maktaba kabla haijafunguliwa,
sarafu za senti kumi zikilia ndani ya soksi.
Nakala tatu:
moja ya wilaya,
moja ya kabati,
moja ya jirani, ng'ambo ya barabara,
mbali na moto wetu.