Zimwi la Zulia

Walinitaka kwa urefu wangu tu.
Delphine Kowalczyk, mpanga barua wa posta,
alinipima kwa macho nikinunua stempu:
"Futi sita na inchi saba! Oktoba una shughuli?"
Sikuwa nayo. Nilikuwa mgeni Wisconsin,
mbeba mizigo kwenye ghala la jibini,
mtu ambaye jirani humwita "yule mrefu"
kisha huvuta pazia.

Basi nikashonewa ngozi:
zulia la kijani la bibi yake Orrin,
lingali linanuka paka watatu,
pembe za bomba la maji, macho ya taa za baiskeli,
meno ya vijiko vya plastiki.
Bajeti nzima, dola mia tisa na arobaini.
Mia mbili ziliishia kwenye pitsa.

Hadithi yenyewe fupi.
Watu watatu, banda la bata mzinga,
kila Ijumaa, miaka kumi na tisa,
wanacheza kuwa wengine.
Orrin, fundi wa meno ya bandia, ni mchawi.
Mavis, miaka sabini na mmoja, ni mwizi wa makaburi,
yeye ambaye hajawahi kuchelewesha kitabu cha maktaba.
Lonnie Skaar ni Bwana Hardrak wa Upanga,
na upanga ni ubao wa uzio.
Wanatupa dadu ya pande ishirini,
Mavis anasoma asichopaswa kusoma:

*Ewe uliye kuzimu, ulalaye kwenye moto,*
*Amka timiza hamu, uwameze na watoto,*
*Twakuitia kwa damu, na kwa dadu zetu nzito,*
*Njoo ule wanadamu, pitsa ingali na joto.*

Ile pitsa haikuwa kwenye karatasi.
Delphine aliiacha ibaki.
Nami nikatoka ndani ya friza,
bega moja kwanza, kisha pembe, kisha samahani,
nikinguruma kama trekta lisilotaka kuwaka.

Damu yetu ilikuwa sharubati ya mahindi na rangi ya keki.
Mbwa wa Orrin aliwalamba maiti hadi wakacheka.
Usiku wa tatu rakuni wawili waliingia kimya
wakala mkono wa Mavis, ule wa soseji,
na pete wakaondoka nayo.

Kisha ukafika usiku wa Lonnie kufa.
Karatasi ilisema: *zimwi lamng'oa kichwa.*
Lonnie akaketi, akavua sufuria kichwani.
"Hardrak nimemlea tangu mke wangu yu hai.
Simuui kwa sababu karatasi imesema.
Tutupe dadu."

Hakuna aliyecheka.
Ishirini.
Delphine akasema, tena.
Ishirini.
Ya tatu ikabingirika chini ya friza,
tukalala kifudifudi sote na tochi moja,
zimwi katikati, pembe zikigonga sakafu,
na pale, kwenye vumbi na manyoya ya bata:
ishirini.

"Haya," alisema Delphine, akikunja karatasi.
"Wendell, utakufa wewe."

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, husemwa.
Hakuna asemaye kuhusu zimwi lenyewe,
likishajua majina, nani hali vitunguu,
nani huendesha polepole akipita makaburini,
hamu ya kula huliishia wapi.

Lonnie alinipiga ubao taratibu, kama agongaye mlango wa mgonjwa,
akanong'ona, "Nimekuumiza?"
Kipaza sauti kilinasa. Imo kwenye filamu.
Siku ya kuonyesha, ukumbi wa zimamoto,
watu thelathini na wanne walicheka hapo kuliko popote;
Lonnie akatazama viatu vyake.

Lakini usiku ule nilikuwa nimekufa chali,
na hakuna aliyekumbuka kusema kata.
Walinizunguka. Waliweka boksi la mwisho la pitsa
juu ya tumbo langu, meza nzuri, tambarare,
wakabishana kama ishirini tatu zinawezekana.
Nilibana pumzi nisilimwage.
Kisha mkono wa Mavis, ule wa kweli,
ukapitisha kipande kati ya vijiko,
mpaka kinywani.