Majivu ya Saa Nane

Mimi ndiye niliyemwaga yale majivu.
Naanza na hilo, lisije likapotea katikati ya maneno.

Agosti, Igogo, mlima wa mawe.
Nyasi baina ya majabali zimekauka hadi zinalia zikiguswa,
na mimi ni dobi: mashati kumi na manne ya walimu,
pasi ya mkaa, ile yenye jogoo kwenye kifuniko.
Nilipomaliza la mwisho nikafungua tumbo la pasi,
nikayamimina nyuma ya jiko.
Yalikuwa meupe. Yametulia kama unga.
Nani angeyashuku?

Tuliozaliwa huku upepo hatuutabiri, tunausikia.
Asubuhi hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mpole.
Saa nane unageuka,
unapanda kutoka majini umekunja mikono ya shati,
unapiga mabati, unaanua nguo za watu bila ruhusa.
Kujua, nilijua.
Ndoo ya maji ilikuwa hatua tatu.

Jivu jeupe lilikuwa limefunika jicho jekundu.
Upepo ukalifunua.

Ziwa lote lilikuwa pale chini,
linameta, pana, halina haraka,
na sisi huku juu tunagombania madumu matatu.
Nkwimba ndiye aliyepiga mia moja kumi na nne.
Wakamuuliza: barabara gani?
Akasema, hakuna barabara, kuna ngazi za mawe,
mkifika kwa muuza chipsi tazameni juu, mtauona wenyewe.
Gari lilikuja. Lilikuja upesi, nisilisingizie.
Likasimama pale lami inapokata tamaa,
likanyoosha mpira wake,
mpira ukafika kwa Luhende, ukaishia hapo,
nyumba kumi na moja chini yetu.

Tukapanga mstari. Ndoo, sufuria, beseni la kuogeshea mtoto,
mkono kwa mkono juu ya mawe yanayochoma nyayo,
na Bugumba fundi akirusha kwa koleo
mchanga aliouweka akiba wa kujengea choo.
Mchanga huo ndio uliokata moto. Si maji.

Hakufa mtu.
Liliungua jiko la Nkwimba, na cherehani,
na vyeti vya Milembe vya kidato cha nne,
na kuku mmoja aliyekuwa ameatamia, hakuondoka.

Nilingoja niulizwe. Hakuna aliyeniuliza.
Walisema ni waya, walisema ni jua, walisema ni watoto.
Siku ya tisa nikaenda kwa Nkwimba nimebeba ile pasi,
nikaiweka kizingitini.
Aliitazama sana. Kisha akasema,
"Kuku alikuwa na mayai kumi na mawili."
Akaingia ndani.

Novemba mvua ikaja, ikakuta mteremko uko uchi.
Kumbe nyasi ndizo zilizokuwa zimeushika udongo.
Tope likashuka usiku, kati ya radi na radi,
likausukuma ukuta wa Luhende,
yule yule ambaye moto haukumfikia.

Siku hizi majivu yangu nayanywesha maji,
nayakoroga, kisha natia mkono hadi kiganja.
Jicho nililiamini mara moja, inatosha.
Mlangoni pana debe la mchanga; wateja hudhani najenga.
Ngazi tumeziondolea magogo na pikipiki mbovu ya Shigela,
na kila nyumba ina namba kwa rangi nyekundu,
ili siku nyingine mtu akiulizwa "wapi?"
awe na la kujibu.
Bado hatujapata bomba. Tumeandika barua mbili.

Nkwimba huniletea nguo kama zamani.
Hulipa, haitazami pasi.
Ila juzi, saa nane kasoro, alipita, akasimama,
akalowesha kidole kwa ulimi, akakiinua hewani.
"Umegeuka," akasema.

Nikazima mkaa.