Mzinga Namba Sifuri

Usiku wa pili, ofisi ya nyuki, mtaa wa Cheyo.
Feni imevunjika shingo, inapepea ukuta.
Mihayo ana mizinga elfu mbili na mia nne,
misimu saba, Sikonge hadi Urambo,
kilo kwa kilo.

Lugha yake ya takwimu ina adabu, ina maneno mengi;
leo imechoka, inapima mzinga mmoja mmoja
kama karani anayelamba kidole kila ukurasa.
Ile nyingine haisemi. Ni alama tu:
kiduara, mkwaju, kinyota,
nusu mstari, na jedwali zima linatii.

Basi akaiita. Faili moja ikawa daraja.
Pokea hizi, hesabu, nirudishie.
Ikarudisha chai haijapoa.

Urambo, mwaka wa ukame, imefurika asali.
Mihayo akacheka. Kisha akaacha.

Kumbe huyu hujaza safuwima, yule safumlalo:
zilizosimama zimelazwa, zilizolala zimesimamishwa.
Hakuna behewa lililopotea stesheni,
ila la Mpanda limefungwa kwenye treni ya Mwanza.
Na yule huanzia sifuri. Huyu, moja.

Akapindua jedwali. Akaongeza moja.
Akaita tena, polepole, kama unavyomwita mgeni
kwa jina ulilokwisha kulikosea.

Ukatokea mzinga uliokuwa nje ya hesabu,
wa kwanza daftarini, wa Kalunde binti Nsimba, Ipole:
kilo kumi na moja na nusu,
na pembeni, kwa penseli,
<i>nyuki wakali</i>.