Birika na Ndimu

Maji ya Nakuru yana ukaidi wake.
Yamepaka meno ya wanangu wote rangi ya chai,
na ndani ya birika langu yameacha ganda jeupe
ambalo kucha haliwezi.

Yule bwana wa kliniki, ghorofa ya pili,
juu ya duka la mbolea nyuma ya soko,
alijua pa kutugusa.
"Mama Nanjala, ukiosha birika unatumia nini?"
Nikasema ndimu.
"Basi mishipa ya mzee ni birika,
na dripu hii ni ndimu.
Inanasa madini, inayatoa kwa mkojo.
Mara thelathini tu. Jumatatu na Alhamisi."

Wasilwa akanigeukia
na uso wa mtoto aliyeahidiwa baiskeli.

Tuliuza mtamba, yule mwenye doa kipajini.
Tukakopa chamani; jina langu, sahihi yangu.
Siku za zamu alilala kwenye kiti cha ngozi iliyochanika,
mkono ameunyoosha muda wa saa tatu,
dripu ikidondoka to, to, to,
nami kando nikifuma kofia ya mjukuu,
nikihesabu matone pamoja na nyuzi,
nikipoteza hesabu zote mbili.

Tembe za hospitali kuu alisema ni mnyororo,
ukizianza huziachi.
Akanipa nikazitupe.

Sikuzitupa.

Neno hili sijamwambia mtu.
Kila alfajiri, jiko likiwa bado moshi,
nilizisaga kwa kitako cha kijiko,
nikazikoroga ndani ya uji wa wimbi,
nikaongeza sukari guru, nikakamua ndimu.
Alikunja uso, akasema,
"Wimbi la mwaka huu ni chungu."
Ni mvua, nikamwambia. Mvua ilizidi.

Mwezi wa nne akapanda ngazi za kliniki bila kusimama.
Mwezi wa tano akalima matuta mawili ya viazi,
akarudi anapiga mluzi.
Kanisani akainua mkono wenye alama za sindano:
"Nimeoshwa!"
Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.
Mume wangu alikuwa hai,
na kila mtu alijua sababu,
nami nilijua nyingine.

Gathogo alikaa safu ya tatu.
Jirani yetu, fundi wa baiskeli,
mtu wa kukuazima pampu asiulize inarudi lini,
naye kifua kilimbana vilevile.
Jioni akaja kuuliza bei.
Wasilwa akamchorea njia nyuma ya bahasha.
Mimi nilikuwa namimina chai.
Ulimi nilikuwa nao. Ulikuwa kinywani.

Akauza ploti. Akaacha tembe.
Mkewe, Nyakio, si mtu wa hila:
alipoambiwa atupe, alitupa.

Dripu ya kumi na moja.
Alianguka akishuka,
akalala kati ya magunia ya mbolea
na wateja wakadhani amelewa.

Mazishini Wasilwa alisema,
"Masikini, alichelewa kuanza."
Nyakio akanishika mkono, akaniuliza taratibu,
mbona kwako ilifanya kazi?

Udongo wetu ni jivu la mlima; ukiutupa kaburini
hauanguki, unapeperuka, unakurudia machoni.
"Ni Mungu," nikasema.
Jina hilo nalo nikalitia kama sukari guru.

Mkopo wa chama bado miezi saba.
Tembe ziko ndani ya kopo la chumvi, rafu ya juu,
na kila mwisho wa mwezi naenda kuziongeza,
nikisema naenda posho mill.
Wasilwa ananenepa. Anaimba bafuni.

Leo nimekata ndimu nne, nimechemsha mara mbili,
ganda limeng'oka kipande kimoja, sawa na ukucha.
Lango linabishwa.
Ni Nyakio, amebeba birika lake kwapani.
Anataka nimwambie
ni ndimu ngapi.