Mtu wa Dhamana

Meli ilifika Kililana rangi yake bado inanuka.
Jina jipya ubavuni, herufi nyeupe,
na chini ya jina, ukisogea, nambari ya karakana
iliyochomelewa kabla haijaitwa chochote:
2417. Jina la tumboni, nilisema moyoni.

Mimi ni karani wa gati la pili.
Kazi yangu kutazama kontena na kuandika:
lakiri nzima, lakiri imekatika, kona imebonyea.
Siku ile hapakuwa na kilichobonyea.
Ngazi haikuwa na alama ya kiatu,
kamba zilikuwa safi kama za kitanda cha arusi.

Baba yangu, Famau wa Matondoni,
huihesabu misumari kabla ya kumpa mwanafunzi,
huihesabu tena jioni, na iliyopinda huinyosha.
Kidole chake cha shahada kilikwenda na tezo
mwaka niliozaliwa. Husema tulibadilishana.
Tangu Machi mkuku wake uko juu ya magogo,
mataruma kumi na moja kushoto, kulia manne,
kwa kuwa kibali cha mbambakofi kiko mezani kwa mtu
na mtu mwenyewe yuko semina.

Nilimwambia: Baba, hizi hujengwa vipande vipande,
kila kipande kikubwa kama msikiti,
winchi hukibeba, hukichomelea kwa mwenzake,
na mwaka hauishi, meli imeelea.
Akauliza, "Na nani huiketia?"

Kwa sababu chombo cha baba kikishushwa
yeye huketi ndani safari ya kwanza,
si nahodha, si abiria,
chini kabisa, penye ngama,
pamba ya kalafati mkononi,
kopo la sifa katikati ya magoti,
anasikiliza.
Mwenye chombo hamalizi kulipa
mpaka baba apande juu na kusema neno.

Nikamjibu: hakuna. Chuma hakiketiwi.

Nilikosea.

Saa tisa za usiku printa ya gati iligoma
nikapanda melini kutafuta saini.
Wakanielekeza chini, na chini tena,
joto linanipokea ngazi kwa ngazi,
hata nikamkuta mtu amechuchumaa,
ovaroli yake si kama za mabaharia,
nembo ya karakana kifuani.
Baek, alisema. Mtu wa dhamana.
Karakana humtuma na meli kama mtu na mwanawe
anayekwenda bweni: mwaka mmoja, kisha basi.
Kitambaa mkono huu, kiganja cha pili juu ya bomba,
macho kayafumba.

Kwenye kiungo, tone.
Likajaa. Likasita. Likaanguka.

Alinitazama kama mtu aliyekutwa akilia.
Hii ni ya saba kwangu, alisema,
Kiingereza chake na changu vikishikana mikono,
na kila moja nimeijua kwa mahali inapotoka maji.
Nilitaka kumwambia asione haya.
Neno la Matondoni lilinijia mdomoni:
*Chombo kisichovuya hakiyangia mai.*
Sikuweza kulivusha.
Nikachuchumaa kando yake.
Tukalingojea la pili.

Saini nilipewa na mwingine. Sikumbuki nani.

Asubuhi baba alikuwa juu ya jiwe lake,
nyundo ndogo, kopo la misumari iliyopinda.
Hakuinua kichwa.
"Imevuya?"
"Tone."
"Wapi?"
"Kiungoni. Bomba la maji ya kupoza."
Nyundo ikasimama hewani.
"Nani alioliona kwanda, yeye au wewe?"
"Yeye."

Alifikiri kwa muda mrefu, ulimi shavuni.
"Basi ni fundi," akasema.
Kisha akalimwaga kopo lote chini, mchangani,
akaanza upya, moja, mbili,
huku akinilaumu:
nilikuwa nimempotezea hesabu.