Kitanda Chetu Kilikodiwa

Watu wa sinema walifika Kadutu Jumanne asubuhi,
wakapanda ngazi zetu za udongo mwekundu wakihema,
wakakitazama chumba chetu kama daktari anavyotazama ulimi.
"Hapa," akasema Zihalirwa, mwenye filimu.
"Hapa ndipo mke atamdanganya mumewe."
Dolari sitini, siku mbili.
Mushagalusa akahesabu noti, akarudisha moja
iliyochanika pembeni.
Kwa noti iliyochanika mume wangu hana mzaha.

Wakasogeza kitanda hatua moja kutoka ukutani
ili kamera ipate pa kupenya.
Nyuma yake tukakuta miaka kumi na moja:
kifungo, kitana, kandambili ya mtoto isiyo na mwenzake,
na kipande cha ukuta chenye rangi ya mwaka wa arusi,
bluu. Nilikuwa nimesahau
kwamba niliichagua mimi.

Nsimire, mwigizaji, alivaa kitenge changu.
Mpenzi wake wa uongo alikuwa na soksi zilizotoboka;
kamera haikuteremka huko.
Na kwa kuwa umeme ulikatika tangu Jumapili,
mume wangu ndiye aliyewasha jenereta,
mume wangu ndiye aliyeshika taa.
Mara saba Nsimire akasema,
"Sijachoka naye. Nimechoka
na yule ninayekuwa mbele yake."
Mara saba taa haikutikisika.
Mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya ndizi,
midomo yangu ikimtangulia,
kama mama mzee anayemtangulia padri kwenye misa.

Kisha Zihalirwa akauliza, bila kumwuliza mtu,
"Mwanamke kama huyu, simu yake ya pili
angeificha wapi?"
"Kwenye ndoo ya unga," nikajibu.
Haraka hivyo. Kama mtoto anayejua hesabu.
"Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki,
maana unga wa muhogo huziba spika."

Wakacheka, wakanisifu,
kijana mmoja akaandika kwenye daftari.
Taa ikatikisika.

Jina lake silisemi.
Hushuka bandarini kila Alhamisi na boti ya Goma,
mikono inanukia jibini la Masisi.
Hajaniahidi nyumba, hajaniahidi hata kanga za masikio.
Huniuliza tu nimeota nini,
kisha hungoja nimalize.
Hiyo ndiyo dhambi yenyewe,
au sehemu yake ninayoweza kuisimulia.

Jioni ya pili wakafunga nyaya zao, wakashuka kilima.
Kitanda kikabaki pale walipokiweka.
Hakukisukuma. Sikumwomba.
Tukalala katikati ya chumba kama watu waliopanda mtumbwi,
upande wangu ukuta wa bluu,
na kati yangu na ukuta, nafasi ya mtu mwembamba.
Kwenye giza akasema,
"Hiyo filimu inaishaje?"
"Hawajaamua."
"Mh."
Mvua ikaanza, tukaisikiliza mabati yakiijibu,
kila mmoja akihesabu, nadhani, udongo wa nani utateleza usiku huu.

Asubuhi nikasikia kifuniko cha ndoo.
Miaka kumi na moja, na mume wangu hajawahi kusonga bugali.
Nikasikia maji yakichemka, mwiko ukigonga sufuria,
kisha kimya,
kisha mwiko tena.

Aliandaa meza. Sombe la jana, sahani mbili.
Mkono wake wa kulia ulikuwa mweupe
mpaka kwenye kiwiko.

"Unga umekaribia kuisha," akasema.
"Nitanunua mwingine Alhamisi.
Au utashuka mwenyewe?"

Nikamega tonge.
Ndani yake kulikuwa na unga mkavu.
Nikalimeza huku nikimtazama,
naye akanisogezea maji.